Herufi Moja Katikati

Mama yangu Shalmath,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Batnan, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimeshatulia. Mjomba Garmu, shikamoo na wewe, maana najua ndiwe unayemsomea. Nakuomba usome polepole, usiruke kitu, hata ukifika mahali pa aibu. Aibu hiyo ni yangu, si yako.

Mimi sijambo. Mbuzi wako mweusi amezaa mapacha, wote majike. Ufuta mwaka huu ni haba. Masomo kwa Mwalimu Habbai nimemaliza tangu mavuno. Aliniambia hana kingine cha kunifundisha labda nigeuke mwanamume. Siku hizi macho yake yanatoa machozi, kwa hiyo amenipa kazi ya kumnakilia zaburi, na kufuta vumbi katika sanduku la vitabu pale nyumba ya sala. Watu wanausifu mkono wangu. Husema, Kimi ana mkono lakini mdomo hana.

Tangu uondoke, mke mwenzio Batmalku anakalia mkeka wako wa mbele upande wa wanawake. Kisimani wananiita binti wa mjakazi. Mama yake Shemasi Aggai aliniuliza mbele ya wenzake, “Eti Kimi, kile chumba cha mbele alichokuwa akilala mama yako, alikuwa anakikodi?” Walicheka mpaka mmoja akaangusha kata yake. Nilijaza mtungi nikaenda zangu, lakini nilihesabu waliocheka. Walikuwa sita, na majina yao ninayo.

Nakumbuka zile Jumapili tatu walipokukalisha mlangoni pamoja na wasiobatizwa, ukatolewa nje kabla ya Mkate. Nilikuwa naziona nyayo zako tu zikivuka kizingiti. Jumapili ya nne hukuja tena, na Baba alikula vizuri sana siku ile. Aliongeza dengu mara mbili.

Mjomba hajui yote, kwa hiyo nitasema kwa kifupi. Mzee Abshelama alipofariki, watu walimtaka Baba ashike nafasi yake. Ndipo ikasomwa barua ya mtume, kwamba mzee wa kanisa awe mume wa mke mmoja. Kabla ya hapo hakuna aliyemuuliza mtu. Nusu ya wanaume wa hapa walibatizwa wakiwa na nyumba mbili, wakaambiwa tu wasiongeze. Lakini kwa mzee wa kanisa ilikuwa lazima nyumba moja ife. Na Mama, ile nyumba tunamosali ni ya kaka zake Batmalku. Baba hakufikiri muda mrefu.

Alimwambia Askofu Barhadad kwamba wewe hukuwa mke, ulikuwa mjakazi tu aliyemchukua ujanani kabla hajaijua njia ya Bwana, kwa hiyo huhesabiwi. Askofu akataka hati. Hati ikaletwa, ikasomwa, ikasema mjakazi. Wewe ukasema uliolewa mbele ya mashahidi wanne, kwa matari, na ng'ombe wa baba yako akachinjwa. Wakakujibu kwamba mashahidi wamekufa na maandishi hayasemi uongo. Ukaitazama ile ngozi ya hati kama mtu anayemtazama jirani aliyemkana. Hilo silisahau.

Sasa sikiliza habari zenyewe.

Jumapili iliyopita ilikuwa siku ya kumwekea Baba mikono. Kondoo wawili walikuwa wameshachinjwa, na Batmalku alikuwa amevaa shela ya zambarau. Desturi ni kwamba askofu akishaweka mikono, kabla ya sala, hati ya ndoa ya mteule isomwe mbele ya wote, pamoja na ya mwanamke yeyote aliyemwacha, ili mwenye neno aseme. Ile ya Batmalku ilisomwa, watu wakapiga miayo. Kisha Shemasi Aggai akachukua ya pili sandukuni. Unamjua Aggai anavyosoma, kwa kidole, kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi, bila kujua anasoma nini mpaka amalize. Akasoma hivi:

“Mimi Zabdai mwana wa Akai nimemtwaa Shalmath binti wa Wael awe mke wangu, na sitaleta mwanamke mwingine juu yake siku zote za uhai wake. Nikimleta, nimekuwa mwongo mbele ya mashahidi hawa.”

Halafu, kama kawaida yake, akapoteza mstari, akarudi nyuma. Kwa hiyo watu walisikia mara mbili.

Mama, ningependa ungekuwepo. Nilimwona mama yake Aggai akimtazama mwanawe kama anayetaka kumziba mdomo kwa shela. Askofu aliinua mikono yake kutoka kichwani kwa Baba, taratibu, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Akasema hati aliyoonyeshwa yeye haikusema hivyo. Akaagiza sanduku litafutwe, na ile nyingine ikaonekana chini kabisa. Wakaziweka mbili pamoja. Moja chakavu, yenye alama za mashahidi wanne. Nyingine safi, mwandiko wa kupendeza. Katika ile safi hakuna ahadi ile, na pale penye “mke” pamesema “mjakazi”. Mjomba atakueleza kwamba katika maandishi yetu maneno hayo mawili yanafanana sana, yanatofautiana katikati tu.

Baba hakubabaika. Alicheka kidogo. Alisema, “Baba Askofu, ya zamani ilikuwa imechakaa, nikampa binti yangu ainakili. Mtoto amekosea. Herufi moja tu katikati! Na mimi macho yangu si mazuri, nikaamini.” Akageuka upande wa wanawake, akanitazama kwa yale macho anayoyatumia akitaka aletewe viatu. Akasema, “Kimi, si ulikosea, mwanangu?”

Alijua sitasema kitu. Ndiyo sababu alinichagua mimi tangu mwanzo.

Mama, hapa ndipo penye aibu. Mjomba, usiruke.

Mkono uliokuandika mjakazi ni huu unaokuandikia sasa. Ilikuwa wiki mbili kabla hujaitwa kwa askofu. Baba alinipeleka ghala la sufu, akanipa ngozi mpya na wino, akasema niandike kama atakavyotamka. Alipotamka neno lile niliinua macho, akalitamka tena. Nikainua macho tena. Akasema, “Andika, mama yako hatakosa chakula.” Kisha akasema mkono wangu ni mzuri kuliko wa Habbai. Hajawahi kunisifu maishani, Mama. Nikaandika. Na herufi ile niliiandika vizuri. Hakuna nyingine nzuri kama ile katika hati nzima. Ulipokuwa ukivuka kizingiti zile Jumapili tatu, nilikuwa najua ni kazi ya kalamu yangu.

Aliniambia ile ya zamani niitupe katika tanuri la mkate. Nilitupa kipande cha kiatu chake cha zamani. Ngozi ni ngozi, harufu ilikuwa ileile, na yeye alikuwa amesimama uani akainusa, akaridhika. Hati yako niliishona ndani ya mfuko wako wa kuchania sufu. Ningeweza kuitoa mapema, ukabaki nyumbani. Mwanzo niliogopa. Baadaye sikuogopa tena, nilingoja. Nilitaka aanguke siku aliyovaa nguo nyeupe, mikono ikiwa juu ya kichwa chake. Jumamosi, nikifuta vumbi, niliiweka juu ya ile nyingine. Basi.

Nilisimama. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kuku aliyekanyagwa. Nikasema, “Sikukosea. Uliniambia niandike mjakazi, nikaandika mjakazi.” Sikusema zaidi. Sikuhitaji.

Askofu ameamua hivi: mke wa Zabdai ni Shalmath. Uzee wa kanisa hapati. Anasimama mlangoni na wasiobatizwa, anatolewa kabla ya Mkate, mpaka wewe mwenyewe useme inatosha. Batmalku amerudishwa kwa kaka zake. Alilia akisema hakujua. Inawezekana. Kibinti chake kilishika nguo yangu kisitake kuachia, nikafungua vidole vyake kimoja kimoja. Labda siku moja nitaona vibaya kwa hilo. Leo bado. Ile supu ya kondoo walipewa wajane, na bibi mmoja asiye na meno alisema hajawahi kula sherehe tamu kama ile.

Baba ameamriwa aje kukuchukua. Atafika baada ya wiki hii, na punda, na viatu vipya vya kukupa. Mama, usimfungulie upesi. Mwache asimame nje mpaka majirani watoke kumtazama. Kisha mwambie akuite kwa neno “mke”, kwa sauti, mara mbili, kama Aggai. Akishalitamka, ufanye upendavyo. Mimi ningefunga mlango.

Nami nimehukumiwa: nisishike kalamu mwaka mzima. Niliomba barua moja ya mwisho, nikaruhusiwa. Kwa hiyo usitegemee nyingine. Kama umenisamehe, mtume mtu yeyote anayekuja huku alete shada la sufu uliyoichana mwenyewe, nitaijua. Kama hukunisamehe, usitume kitu, nitajua pia.

Msalimie Bibi, na wote wa nyumba ya Mjomba, hata mbwa.

Mwanao mwenye makosa,
Kimi, binti wa Shalmath.

Mjomba, nje ya barua nimeandika: Kwa Shalmath, mke. Tafadhali mshike kidole, umwekee pale katikati ya neno hilo, aguse.