Sanduku la Sabufa Lisilotoka

Baba Zuhura, mume wangu,

Kila siku nakuombea rehema, lakini leo umenichosha. Fundi Hamadi amekuja kulitoa lile sanduku lako la sabufa nyuma ya gari, na halitoki. Kumbe ulilijenga humo humo garini, ubao kwa ubao, likawa kubwa kuliko mlango! Mtu gani anajenga kitu bila kufikiria siku ya kukitoa?

Nilikusihi uweke dogo, lililozibwa pande zote. Ukakataa katakata. "Mama Zuhura, lile linasikika karibu tu. Hii iko na tundu, iko inapumua. Batu batatusikia mpaka Gatete!" Kisha, ili kupima nafasi ya ndani, ukachukua nini? Makapu yangu ya ndagala kavu, mali ya soko, ukayamimina humo. Eti maji yataharibu mbao. Tangu siku hiyo, besi ikipiga, lile tundu linatupulizia harufu ya ndagala usoni. Nikikuambia umeacha samaki ndani, unaapa: "Wallahi, zote zilitoka!" Tulibishana hivyo hadi ukaugua.

Nimevumilia. Lakini nyuma hapana nafasi, mizigo yangu inapanda juu ya gari, na juzi mvua ya Kabezi imelowesha ndagala zote nilizokuwa napeleka Bujumbura. Biashara hiyo ndiyo inayotulisha mimi na binti yako. Ningefanya nini?

"Mama, niikate?" Hamadi akauliza, msumeno mkononi. "Hii kazi iko muzuri sana. Muzee alijua."

Kana kwamba sijui! Ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yako, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi: umeniachia mimi kusema likatwe. Nikamwambia akate. Nikalia, na hasira juu.

Ubao wa nyuma ulipobanduka, Hamadi akaniita nitazame. Kwenye pembe, ndani ya gundi uliyoipaka bila kuisubiri ikauke kwa haraka zako, ndagala zimeganda, na macho yao. Miaka yote hiyo! Nikageuka upesi nikuambie, "Si nilikuambia?"

Kiti cha dereva kilikuwa kitupu.

Nimeshinda, mbishi wangu. Ungekuwepo tu, ukatae.

Lala pema,
Mkeo, Mama Zuhura