Siku ya Kumrudisha Mtoto

Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumaini siku hizi unashuka ngazi bila kushikwa mkono. Sisi hatujambo, ila mkweo anakohoa kwa vumbi la mbao, na barakoa hataki hata kuiona.

Nina habari. Tumeomba kulea mtoto wa watu. Si awe wetu moja kwa moja, ni kumtunza mpaka kwao kutulie. Jumamosi nane tumehudhuria mafunzo ya ustawi wa jamii katika darasa la chekechea, tumekalia viti vya watoto, magoti yanakaribia kidevu. Tumefundishwa kumwogesha mtoto anayeogopa maji, na kutomchokonoa kuhusu kwao kabla hajasema mwenyewe. Mkweo, ambaye hata risiti haandiki, amejaza daftari zima.

Cherehani nimeihamishia sebuleni ili chumba kibaki chake. Kitanda amekiunda mkweo, kifupi, kingo zote kazipiga msasa mpaka zimekuwa laini.

Jumamosi ya mwisho mwalimu alituuliza mmoja mmoja: "Mama yake akija kumchukua, utafanyaje?" Wenzangu walijibu vizuri. Mimi nikasema, "Sijui. Lakini yupo aliyenilea miaka miwili akanirudisha kwetu. Nitamuuliza." Akaandika kitu. Nikajua nimeharibu.

Juzi wametupigia simu. Tumekubaliwa. Msichana wa miaka minne anakuja Alhamisi.

Ndiyo maana nakuandikia. Mama alipopona na baba akaja kunichukua kwako, ulinifunga viatu, ukanipa mfuko wangu, ukaingia ndani hata hatujafika barabarani. Niligeuka mara tatu, mlango umefungwa. Nilikuwa na miaka saba, nikaamini umenichoka. Kinyongo hicho nimekaa nacho mpaka nilipoulizwa swali lile. Niwie radhi, Shangazi. Nimekukumbuka mpaka kifua kinauma, na laiti ungekuwa karibu nije nikae tu jikoni kwako, tusiseme kitu.

Wasalimie mapacha, na jirani yako fundi viatu. Mola akulinde na akuzidishie siku.

Usiponijibu lingine lolote, nijibu hili: ulipofunga mlango ule, ulifanya nini?

Wako akupendaye kuliko anavyoweza kuandika,
Kijiti