Wimbo Ulioivuruga Posa ya Nasri

Kwa mdogo wangu Zuwena,

Salamu kutoka huku Ibra, Omani. Mko wazima huko Unguja? Kifua chako je? Ile dawa niliyokupelekea unainywa, au umeipanga kabatini iwe pambo? Nakujua. Mimi mzima, ila moyo umenichafuka.

Mjukuu wangu Nasri tulimposea binti wa hapa hapa, Rahma. Baba yake marehemu, mwenye kauli ni ami yake, Bwana Hamed. Wakaja wanaume wao kumtazama kijana. Wote wana kazi za serikali, na wetu dereva wa watalii kule kambini jangwani, Al Mintirib. Nikaona wanamdharau. Mimi mtu mzima, nilikaa mlangoni nawasikiliza, nikasema: "Nasri, hebu waimbie ule wimbo wako wa Kizungu, wajue umesoma."

"Bibi, huo si wa hapa."

"Imba! Unaona haya kama bibi harusi?"

Akaimba. Kafundishwa na watalii, wazee wazima, magoti hayafai tena, na wakiuimba wanalia machozi. Mimi nikidhani ni kasida ya kwao. Mtu atalilia nini kingine?

Bwana Hamed aliwahi kufanya kazi Bahrain na Waingereza. Akasema: "Bi Moza, huu wimbo wa mahipi. Waliacha kwao, wakafuga nywele, wakavuta bangi, wakalala pamoja wake kwa waume bila ya ndoa. Dunia nzima walitembea wakiuimba." Akamtazama Nasri, nywele zinachungulia chini ya kofia. Wakaaga.

Tangu siku hiyo Nasri yuko kambini, hata kula haji. Hajanilaumu neno, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Juzi nikaenda mwenyewe kwa Bwana Hamed. Nikamiminiwa kahawa, nikaweka finjani chini. Wewe huko umeshasahau, lakini hapa mgeni asipokunywa ujue ana haja, na ni aibu kwa mwenye nyumba kumwacha aondoke hivyo.

"Kunywa, Bi Moza."

"Sinywi. Nasri havuti hata sigara."

"Sikatai kwa bangi. Wale mahipi waliondoka kwao wengi wasirudi, na yeye kutwa yuko nao. Rahma ni amana ya ndugu yangu. Akimwacha hapa na mimba, nimwambie nini maiti?"

Nikaisogeza finjani mbali kidogo.

Akaingia Rahma kukusanya vyombo. Akatia kila kitu kwenye sinia, finjani yangu akaiacha.

"Na hiyo toa," ami yake akamwambia.

"Bado hajanywa, ami," akasema, akatoka.

Nimeondoka sijainywa. Jibu halijaja.

Msalimie kaka yetu mkubwa, mwambie amwombee Nasri kila akisali. Msalimie na mumeo, aache kuniletea vitambaa vinavyochuja rangi, ananitia aibu kwa majirani. Na ukijibu usiniulize kwa nini nilimwambia mtoto aimbe. Ana sauti nzuri. Nilitaka wamsikie.

Ni mimi dada yako,
Moza