Jikoni ya ngome

Zaina mutoto wangu,

Salamu ya mama ikufikie wewe na batoto pale Mapendo, Goma. Jana mujomba wako alinipeleka kuona ngome ya zamani ya Wareno, hapa Mombasa. Papa mwenye kutembeza wageni anaonyesha mizinga, mimi nikauliza jikoni iko wapi. Akacheka: «Mama wa Kongo, wenzio wauliza mizinga, wewe wataka jikoni?»

«Mizinga tunaijua, papa. Hawa batu walikula nini?»

Akaacha kucheka. Akasema adui aliwazunguka zaidi ya miaka mbili. Kuta hazikuanguka, ila njaa na magonjwa vilimaliza batu ndani.

Njo nikakuwaza. Uliniapia hautaacha nyumba, juu tuliijenga na mawe ya volkano, kuta nguvu. Mwanangu, waasi wakifika Sake, hapo karibu na muji, ao mulima ukianza kuguruma, funga mutoto mudogo mugongoni, shika mukubwa mukono, ukimbie. Mawe haiishe Goma, tutajenga tena. Wewe, sitakuzaa mara ya pili.

Mungu akupe miguu myepesi. Nakukumbatia sana.

Mama yako