Baba Hakuendesha Lori Lile

Mpendwa mshauri,

Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, kwa sababu jambo lenyewe siwezi kulipeleka kwa watu wa nyumbani, ndio wahusika, wala kwa watu wa chama, maana huko mimi ndiye katibu.

Nina miaka hamsini na miwili, ni mtoto wa askari, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa katibu wa chama cha askari wastaafu hapa kwetu, kazi ya kujitolea, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuandika wasifu wa mwanachama anapofariki. Utaratibu wetu ni kwamba msiba ukishatulia naenda nyumbani kwa marehemu, nakaa na mjane au watoto, naandika maisha yake, nawasomea kwa sauti, halafu mwenzake mmoja aliyetumikia naye kikosi kimoja anatia sahihi chini kuthibitisha kuwa yaliyoandikwa ndiyo anayoyajua, na ukurasa unaingia kwenye jalada. Kila mwaka siku ya kumbukumbu tunachagua wasifu mmoja unasomwa mbele ya watu wote. Mwaka huu kurasa zote tisini na sita zinachapwa kuwa kitabu, kila familia ipate nakala yake, na wasifu uliochaguliwa kusomwa ni wa baba yangu, aliyefariki mwaka jana.

Baba alikuwa dereva jeshini, na kwa miaka arobaini alikuwa na hadithi moja, kwamba wakati wa vita aliendesha lori lenye majeruhi kumi na mmoja kwa saa tisa kwenye barabara iliyotegwa mabomu, taa zimezimwa, akawafikisha hospitali ya kambi. Aliisimulia kwenye harusi, kwenye vikao vya chama, kwa fundi aliyekuja kuziba paa, mpaka sisi watoto tulikuwa tunajua ni wapi atakohoa na ni wapi atashusha sauti, na hata kovu lake la nyuma ya paja alisema alilipata siku hiyo alipokuwa akiruka kutoka kwenye usukani. Alipofariki niliandika hadithi hiyo yote, ukurasa uliojaa mbele na nyuma, na kwa kuwa hakuna mwenzake wa kikosi aliyekuwa bado hai nikampa mwenyekiti atie sahihi, ambaye alitumikia kikosi kingine kabisa, na nikajiambia hakuna neno, nani asiyeijua hadithi ya lori.

Jumanne iliyopita asubuhi akaja ofisini mama mmoja, mjane wa dereva mwingine wa kikosi kilekile, ambaye alifariki miaka minne iliyopita. Ofisi yetu ni chumba kimoja chenye viti viwili na kabati la chuma, akakaa, akatoa kwenye mfuko wa nailoni daftari la gari, lile ambalo dereva wa jeshi anaandika kila safari, tarehe, kutoka wapi kwenda wapi, kilomita na mzigo. Akanifungulia ukurasa. Tarehe ni ileile ya baba, barabara ni ileile, saa tisa, na mahali pa mzigo mumewe ameandika namba za jeshi kumi na moja, nne zimewekewa msalaba mdogo pembeni, na namba ya saba kwenye orodha ni ya baba yangu. Namba ile naijua kama ninavyoijua siku yangu ya kuzaliwa, kwa sababu imechongwa kwenye kaburi lake. Baba alikuwa nyuma ya lori, mshauri, hakuwa mbele.

Nikamwambia, "Mama, mbona hukusema zamani?"

Akasema, "Nilisema, mwanangu. Ulipokuja kuandika habari za mume wangu nilikwambia kulikuwa na jambo la lori, ila yeye hakupenda kulizungumza. Baba yako alikuwa amekaa pale kwenye kiti cha mlangoni, ndiye aliyekuja kutia sahihi. Akasema, 'Hayo ya lori tuyaache, shemeji.' Na wewe ukayaacha."

Nilikumbuka hapohapo, mpaka rangi ya kiti, na nilipofungua kabati nikakuta wasifu wa mumewe una mistari minne, kwamba alikuwa dereva, alitumikia miaka kumi na tisa, alipenda bustani, ameacha mjane na watoto watatu, na chini yake ni sahihi ya baba yangu.

Nikamuuliza kama mumewe alijua baba anajivika safari yake. Akacheka, mshauri, alicheka kabisa. Akasema, "Wee, ajue mara ngapi? Alikuwa akirudi kikaoni anaweka kofia mezani, ananiambia, 'Leo mwenzangu ameendesha vizuri sana, hakugonga hata jiwe.' Nikamwambia kwa nini humkatishi? Akanijibu, 'Mimi nilikuwa na usukani wa kushika. Yeye alilala kule nyuma saa tisa katikati ya watu wanne waliokufa. Mwache aendeshe.'"

Nikamwambia labda anataka niombe radhi mbele ya chama, akasema hataki radhi ya mtu, amekuja kwa sababu amesikia tunachapa kitabu, "na kikishachapwa, mwanangu, wajukuu zangu watasoma kuwa babu yao alipenda bustani." Akaniachia daftari, akaenda zake.

Sasa mchapaji anataka kazi Jumatatu ijayo na siku ya kumbukumbu ni wiki tatu kutoka leo. Mama yangu ana miaka themanini na mmoja, ameshachagua nguo ya kuvaa, na kila nikimpelekea chai ananiambia ile sehemu ya lori isomwe polepole. Nilimweleza kaka yangu mkubwa kwenye simu, akasema, "Sikiliza, Mama Karatasi, hizo karatasi zako zitamuua mama. Ukimvua baba nguo mbele za watu, mimi na wewe basi." Kisha akasema daftari la zamani hivyo nani atajua limeandikwa na nani, nilirudishe nikae kimya, yule dereva, mzee wa watu, mwenyewe aliridhika, mimi ni nani nisiridhike.

Nampenda baba yangu, sijui nilikuwa namwandika nani. Kila nikikaa kuurekebisha ukurasa wake naona nabaki na mtu aliyelala kwenye lori akabebwa, na sijui hilo linaandikwaje. Niuache kama ulivyo kwa ajili ya mama, au niuondoe?

Ni mimi,
Katibu

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu Katibu,

Pole. Kumpoteza baba mwaka jana na kumpoteza tena Jumanne iliyopita si jambo dogo. Lakini pole yangu inaishia hapo kwa sasa, kwa sababu una kazi ya kufanya kabla ya Jumatatu.

Nianze na kosa lako, kwa kuwa umejaza barua nzima kwa kosa la baba. Uongo wa baba yako ni wake, na mtu aliyenyang'anywa safari yake alishaumaliza kwa njia yake, tena kwa mzaha. Kosa lako ni la ofisini. Mlijiwekea sheria nzuri, kwamba shahidi awe wa kikosi kimoja na marehemu. Ukaivunja mara moja tu, na mara hiyo ikawa kwa baba yako mwenyewe. Kabla ya hapo ulikaa sebuleni kwa mjane, akakwambia kuna jambo, mtu wa mlangoni akakwambia liache, ukaliacha. Mtu wa miaka kumi na tisa jeshini ukamwandikia bustani. Nimefanya kazi ya magazeti muda mrefu, na sentensi "hayo tuyaache" ndiyo inayopaswa kumfanya mwandishi avute kiti karibu. Unajua hili. Ndiyo maana umekumbuka mpaka rangi ya kiti.

Kaka yako anauliza daftari limeandikwa na nani. Ni swali la halali, hata kama analiuliza ili lisijibiwe, kwa hiyo lijibu. Umesema namba nne zina msalaba. Jeshi halikosi orodha ya waliokufa. Linganisha namba hizo nne na tarehe zao za kufa. Zikikubaliana, kaka yako hana hoja tena, amebaki na hasira, na hasira ya kaka haizuii mchapaji.

Kuhusu mama yako, wewe na kaka yako mnamchukulia kama sahani ya udongo. Mwanamke huyu ameishi na kovu la nyuma ya paja kwa miaka yote hiyo. Siwezi kuapa, lakini nakuomba ufikirie jinsi dereva anavyokaa, nyuma ya paja imelalia kiti. Inawezekana mama yako alishafikiria. Nenda kwake mchana, peke yako, ukiwa na daftari. Usimwombe ruhusa, maana ukimwomba utamtwika mzigo ambao ni wako. Mwambie ulichokiona na utakachofanya, halafu nyamaza, umwache aseme anachotaka au asiseme. Akilia, kaa naye. Akisema alijua, usimuulize kwa nini hakukwambia. Na umwambie mapema ili awe na wiki tatu nzima za kuamua kama atakuja au atakaa nyumbani.

Sasa hilo unaloniuliza kweli, ambalo umelificha mwishoni, jinsi ya kumwandika mtu aliyebebwa. Dada, unaandika kama ulivyoandika wengine tisini na watano, kwa unayoyajua. Alikuwa dereva wa jeshi. Tarehe fulani alijeruhiwa pajani. Alisafirishwa kwa lori kwa muda wa saa tisa pamoja na majeruhi kumi, wanne wakafia njiani. Alipona, akarudi, akalea watoto. Kwa miaka arobaini alisimulia safari hiyo kana kwamba yeye ndiye aliyeendesha. Hiyo sentensi ya mwisho usiiache, na usiieleze. Hujui kwa nini alifanya hivyo, mimi sijui, na mwenzake aliyekuwa na dhana yake amefariki. Usiandike "pengine" wala "huenda". Wasomaji ni watu wazima, watajaza wenyewe, na wengi wao wameishi kwenye nyumba moja na mtu wa namna hiyo.

Rudi kwa mjane wa dereva kesho. Usiende na maua wala na radhi ndefu, amekwambia haihitaji. Nenda na karatasi za kutosha na ukae mpaka yeye ndiye achoke. Muulize gari lilikuwa la aina gani, nani alikaa naye mbele, alilala saa ngapi alipofika, lini alianza bustani. Yale aliyokusimulia kuhusu kofia na "mwache aendeshe" usiyachape bila yeye kukubali kwa kauli yake, kwa sababu ni maneno ya mume na mke. Akikataa, mkubalie. Daftari lipigwe picha kila ukurasa, kisha lirudi mkononi mwake, lisilale kwenye kabati lako la chuma.

Shahidi wa kikosi humpati tena, wote wamekwisha. Basi mahali pa sahihi andika ukweli huo, kwamba hakuna aliyebaki wa kuthibitisha, na kwamba chanzo ni daftari la gari. Futa sahihi ya mwenyekiti kwenye ukurasa wa baba yako. Mwenyekiti mweleze wewe, asisikie kwa kaka yako.

Jambo moja hukuliuliza, na lilinisumbua tangu niliposoma barua yako mara ya kwanza. Umeandika kurasa hizo zote kuhusu watu wawili, wakati ndani ya lori walikuwa kumi na wawili. Wanne walifia humo. Familia zao ziliambiwa nini? Kwa uzoefu wangu wa barua za jeshi za enzi zile, ziliambiwa mstari mmoja: amefariki akiwa kazini. Kuna watu sasa hivi, wazee kama kaka yako, ambao hawajui kwamba baba yao alikuwa anapelekwa hospitali, kwamba kulikuwa na mtu aliyekuwa akijitahidi kumfikisha, kwamba hakufa peke yake. Wewe ndiye mwenye namba zao mezani. Hao watafute. Kwa kitabu cha mwaka huu wanne hao hutawawahi, kwa hiyo waweke namba zao na tarehe tu, na uanze kuuliza.

Mpigie mchapaji leo, umwombe wiki moja. Akikataa, aweke kando kurasa mbili, wa baba yako na wa dereva, aendelee na nyingine, utamletea hizo mbili Ijumaa ya wiki hiyo. Siku ya kumbukumbu zisomwe zote mbili, ukianza na wa dereva, na usizisome wewe. Mtafute msomaji mwenye sauti nzuri asiye wa ukoo wowote kati ya hizo mbili. Wewe ukae chini na familia yako, na kama mama yako amekuja, mwekee kiti karibu na mjane wa dereva. Na msomaji asome kwa mwendo wa kawaida, hata hapo kwenye lori.