Kesi ya Kisanduku cha Guleid

Jumatatu, 1 Septemba 1997. Garissa.

Nimesomea mawimbi ya redio na sheria zake mpaka macho yakauma. Nikafungua ofisi ya uwakili hapa, watu wakaniletea kesi za ngamia! Leo, mwishowe, kesi yangu. Guleid, fundi wa redio sokoni, alitengeneza kisanduku cha kuunganisha taar, redio ya mawasiliano ya Wasomali, na simu ya waya. Mama yuko Modogashe kwenye taar, mwanawe yuko Nairobi kwenye simu, wanasikizana. Sasa kampuni moja ya Nairobi imemshtaki, eti anawaibia uvumbuzi. Wao! Fundi wao alikunywa chai dukani kwa Guleid, akakifungua kisanduku kwa bisibisi ya Guleid mwenyewe. Juni 1995 wakaomba hataza, hati ya kumiliki uvumbuzi, kwa jina lao.

Nahitaji kitu kimoja tu: ushahidi kwamba kisanduku kilikuwa kikitumika kabla ya Juni hiyo.

Jumatano, 3 Septemba

Upo! Deeqa, anayeendesha taar Modogashe, aliandika mazungumzo yote kwenye daftari. Tarehe, saa, majina, hata yaliyosemwa. Nimempelekea neno kwa dereva wa lori: lete daftari, jaji atalisoma.

Ijumaa, 5 Septemba

Hasira hadi kalamu inatoboa karatasi. Deeqa amekuja na daftari jipya, bado linanukia duka. Amenakili tarehe zote kwa mwandiko safi wa shule, majina na maneno ameyaacha. La zamani amelichoma moto!

"Wewe umesema jaji atasoma," akaniambia. "Mimi nimekuandikia daftari mzuri. Ile ingine ni siri ya watu, wakili. Ni amana."

Nikamfokea mbele ya Guleid kwamba ameiua kesi. Hakulia, aliomba maji tu. Nilipaswa kumwambia mapema kwamba majina yanaweza kufichwa. Sikumwambia, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Guleid akanong'ona tulisugue jipya kwa majivu na chai lizeeke. Naye nikamfukuza. Kughushi sifanyi.

Jumanne, 9 Septemba

Amejitokeza mama mmoja, Hadiyo. Alizungumza na mwanawe Muse kupitia kisanduku siku ya tatu baada ya Idd ndogo, 1995. Hiyo ni Machi! Muse sasa yuko Saudia, hapatikani. Nikamuuliza walizungumza nini. Akainuka, akafunga mlango kwanza.

Mwanawe mkubwa alikuwa amefariki. Wazee wakataka Muse arudi amwoe mjane, Nasteho, kama ilivyo desturi. Hadiyo akamwambia kijana asirudi, aende zake. Nasteho ni binti wa Jelle, kaka yake Hadiyo. Na Hadiyo, mjane, anaishi kwa Jelle. Mpaka leo Jelle anaamini Muse alikataa mwenyewe.

Nikamwahidi: utataja tarehe tu, mengine nitayazuia.

Jumatatu, 15 Septemba. Nairobi, nje ya chumba cha mahakama.

Jelle amemsindikiza Hadiyo. Ati dada yake hawezi kuja Nairobi peke yake. Ameketi mstari wa pili, nyuma yangu kabisa.

Hadiyo alitaja siku bila kuyumba. Wakili wa kampuni akacheka — nyau huyu na tai yake! Kila mtu anaikumbuka Idd, akasema. Kama kweli mama alizungumza na mwanawe, aieleze mahakama alimwambia nini.

Kupinga ni kusimama tu. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nilimwona jaji amenyanyua kalamu anasubiri, nikajua Hadiyo akijibu hili tumeshinda. Nikabaki nimekaa. Hadiyo akanitazama. Mimi nikatazama faili.

Jaji akasema tunywe chai kwanza, tukirudi shahidi ajibu.

Dakika kumi na tano. Namchukia yule wakili. Nimemlaani Deeqa siku kumi nzima, na yeye alichoma daftari kwa kuogopa hiki hiki ninachokifanya mimi. Hadiyo yuko kwenye benchi mbele yangu. Sheria hainiruhusu kusema naye mpaka amalize ushahidi, na aibu kubwa ni kwamba nimeifurahia sheria hiyo. Jelle amemletea chai. Anaipulizia ipoe ndipo ampe.

Karani anatuita. Swali litarudiwa, na mimi bado sijui kama nitasimama.