Mwisho wa Bendi

Jumanne, 3 Septemba 1996
Shule, soko, redio. Nimepanda darini saa kumi na moja jioni, kikapu cha muhogo bado mkononi. Mselem, huko melini, kaita ofisi yake ya Mombasa kama kila siku: meli ilipo, shehena, hali ya bahari. Walipomaliza nikaingia mimi. Tumesema kidogo. Wako karibu na Jibuti. Anakohoa. Nimemwambia anywe tangawizi. Mambo ya mke na mume kwenye masafa ya meli, na yeyote mwenye redio anatusikia. Sijali. Mwaka wa tatu huu mume wangu ni sauti.

Ijumaa, 6 Septemba
Mkaguzi wa leseni kaja baada ya sala. Niliomba mwenyewe leseni ya redio ya ridhaa, ya wanaoongea hewani kwa kupenda tu, kwa hofu ya kunyang'anywa chombo. Mtu mpole. Kanywa kahawa, kaigeuza redio huku na huku. Mselem aliinunua Dubai ikiwa wazi, inarusha sauti kwenye masafa yoyote. Hilo ndilo tatizo. Watu wa ridhaa tuna bendi zetu, vipande vyetu vya masafa. Zilizobaki ni za meli, ndege na polisi. Kusikiliza ruhusa popote. Kusema, ndani ya bendi zangu tu. Niweke mipaka mwenyewe, atarudi kuipima Jumatatu ya tarehe kumi na sita. Nisipoweka, anaichukua.
Kasema haki. Nimemchukia hata hivyo.

Jumapili, 8 Septemba
Nimemwambia Mselem habari ya mkaguzi. Mvumo tu, nikadhani nimempoteza. Kisha: "Funga, Rahma. Nahodha kashaniuliza huyu mwanamke wa kila jioni ni nani."
"Na sisi?"
"Mimi ntasema na ofisi. We nsikilize."
Mama mkwe alikuwa kakaa kando yangu. Kaomba amsalimie mwanawe. Nikambonyezea, nikamshikia maiki. Kamwombea dua, ndefu, mpaka mawimbi yakaharibika. Mimi nilikuwa na neno nimeliweka la mwisho. Nilitaka kumwambia arudi. Sikuwahi.

Jumamosi, 14 Septemba
Nimeahirisha wiki nzima. Leo nimefunga.
Unazima. Unashika vibonye viwili, unawasha huku umevishika. Redio inauliza mwanzo wa bendi. Megahezi kumi na nne kamili. Inauliza mwisho wa bendi. Kumi na nne nukta tatu tano. Hifadhi. Bendi inayofuata. Kazi nyepesi, wanafunzi wangu wangeiweza.
Kisha nikageuza mpaka kwenye masafa ya meli, nikabonyeza maiki. Sindano ya kupima sauti inayotoka haikunyanyuka. Kioo kikaandika kosa. Nimejifungia mlango kwa mkono wangu.

Jumatatu, 16 Septemba
Mkaguzi kapima, karidhika. Nina leseni na jina la hewani. Sina wa kumwita.

Ijumaa, 20 Septemba
Namsikia. Kikohozi kimepungua. Mwisho wa taarifa kawasalimia wote wanaosikia. Karani wa Mombasa kashukuru, kadhani salamu ni zake. Nilicheka peke yangu kama mwari.
Mkataba wake unaisha mwezi ujao. Nimetafuta mtu wa kupaka chokaa chumba. Nimeutoa udi kabatini, nikaunusa, nikaurudisha.

Jumamosi, 28 Septemba
Karani kamwuliza habari ya mkataba, wakubwa wanataka jibu. Mselem hakusita.
"Waambie nimekubali. Mwaka mwingine."
Karani kampongeza. Mimi nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Nikaita jina lake kwenye maiki iliyokufa.
Mama mkwe kauliza, "Kasema mwaka?"
"Ndiyo, Mama."
"Mwambie mimi sina mwaka wa kumpa."
"Hanisikii, Mama."
Kajifunga mtandio polepole. "Na yeye anajua humjibu," kasema. "Ndiyo maana kasema leo."
Sikuwa nimelifikiria hilo. Sasa silifikirii jengine.

Jumapili, 29 Septemba
Nimekaa mbele ya redio, vidole juu ya vile vibonye viwili. Kufungua ni kazi ya muda mdogo tu. Leseni waichukue, redio waichukue. Nimfikie mara moja, bahari nzima isikie.
Kisha nikajiuliza nitasema nini. Mtu aliyengoja mpaka nimefungwa mdomo ndipo aseme, nikiufungua atasema mawimbi mabaya. Nimeondoa vidole. Nina hasira. Na bado nnamtaka hapa, na kikohozi chake.

Jumatano, 2 Oktoba
Mselem kapiga simu kwa jirani, kutoka bandarini Jibuti. Nimekimbia na kanga moja.
Kauliza kama nilimsikia. Nikasema nlikusikia.
"Nlishindwa kukwambia ulipokuwa unajibu," kasema.
Angalau hilo la kweli. Kasema mwaka si mwingi. Kasema kule baharini yeye ni mtu, hapa Unguja atakaa barazani ahesabu wapita njia. Nikamwuliza kama anaukumbuka uso wangu. Kakohoa tu. Nikamwambia mama yake anamngoja. Sikusema na mimi namngoja. Kajua. Laini ikakatika au kaikata, sijui.
Nimerudi nyumbani kwa njia ndefu ya Vuga.

Jumamosi, 12 Oktoba
Joto, upepo hakuna. Nimeita kwenye bendi yangu kwa mara ya kwanza. Kajibu mwanamke wa Ushelisheli, mkunga mstaafu. Kiingereza chake kama changu, cha kuazima. Kauliza kama mvua zimeanza. Bado. Kauliza niko na nani. Nikasema na mama mkwe wangu, kasinzia. Kasema yeye ana paka. Tumeongea mpaka adhana ya magharibi.
Nilipomuaga ndipo nikatambua saa ya Mselem imepita. Niliisahau. Imeniuma kwamba niliisahau.
Nikageuza mpaka kwenye masafa ya meli. Mvumo tu, kama mchele unaopetwa. Nikakaa nao kidogo, mkono juu ya redio, ya moto bado.
Mama kaamka. Kauliza mwanawe kasemaje leo.
Nikamwambia hajambo. Nikazima, nikashuka kumtilia maji ya kutawadhia.